Likikwama Njia ya Kharumwa

Kizumbi, Shinyanga
12 Septemba 1971

Mpendwa Shangazi Serafina,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima hapo Kalangalala, na kwamba maandazi ya hoteli yako bado yanagombaniwa. Huku Kizumbi hatujambo. Bibi anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda anayasahau na utamsikia huko nje anagombana na kuku. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Paa la jikoni tumeliezeka upya.

Mimi nimemaliza chuo, Shangazi, na nimeshaanza kazi. Ni bwana pamba hapa Shinyanga, na kwa kuwa vijiji vyangu vimetawanyika kama mtama uliomwagika, ofisi imenikubalia mkopo wa gari. Mimi, Marcel wa Donatus, niliyekuwa nakwenda shule na kiatu kilichofungwa kamba ya katani! Lakini kuchagua gari sijui. Nimeona matatu. Kuna Peugeot 404 nyeupe ya Bwana Hatibu, mfanyabiashara wa mjini, inang'aa hata mtu anaweza kunyolea ndevu mlangoni pake. Kuna Land Rover kuukuu iliyokuwa ya wapimaji wa ardhi, turubai limechanika na injini inakohoa. Na kuna Volkswagen ya padri mmoja anayerudi kwao Ulaya, ile yenye mgongo wa kobe. Wewe umeishi miaka ishirini na fundi wa magari. Marehemu Mzee Bartholomeo alikuwa akisema hakuna anayemshikia taa na spana vizuri kama mkewe. Niambie ninunue lipi.

Gari likipatikana, safari yake ya kwanza ni kuja kukuchukua. Nimeambiwa kuna njia ya mkato, kupitia Kahama hadi Kharumwa, unatokea Geita bila kuzunguka Mwanza wala kupanda kivuko. Krismasi ule nasi. Ni miaka tisa hujakanyaga nyumbani, tangu mlipomleta Baba kuzikwa. Mama yangu aliondoka ningali ninanyonya, Baba naye akaondoka, na sasa wewe ndiye damu niliyobaki nayo pamoja na Bibi.

Kumbuka kwamba barua zako namsomea Bibi. Hataki nizifungue njiani. Anasema barua iliyofunguliwa ni kama uji ulioonjwa. Naileta kutoka posta imefungwa, anakaa kwenye kigoda chake, ndipo nachana bahasha. Kwa hiyo andika herufi kubwa na usimtukane mtu.

Mwanao,
Marcel


Kalangalala, Geita
8 Oktoba 1971

Mwanangu Marcel,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimecheka pale pa kiatu na kamba. Mpe Mama shikamoo zangu. Mwambie magoti ayapake mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto. Mimi sijambo. Tangu mgodi ufungwe mji huu umepoa, lakini wachimbaji wa kubahatisha hawaishi, na mtu mwenye njaa ni mteja hata kama mfukoni ana mchanga. Jirani yangu Mwahija amepata mjukuu, wamemwita Sikujua.

Sasa habari ya gari. Wewe na digrii yako umeanza kutazama rangi! Vyote ving'aavyo si dhahabu, na hapa Geita tunalijua hilo kuliko watu wa vyuoni. Usitazame mlango. Chuchumaa utazame tumbo. Gari ambalo tumbo lake liko chini ya goti lako halikufai kwa udongo wa mbuga, ule mweusi. Udongo ule wakati wa kiangazi ni tofali, ukinyeshewa ni ugali. Piga ngumi kwenye bati la kukinga matope juu ya gurudumu, usikie kama kuna kutu. Mwambie mwenye gari aliwashe likiwa baridi, asubuhi, kabla hajalipasha moto kwa ajili yako. Tazama moshi. Wa bluu, ondoka. Bartholomeo alikuwa akisema muuzaji anasema uongo, moshi hausemi.

Njia ya Kharumwa usipite. Hata ukiambiwa ni fupi. Njia ya mwongo ndiyo fupi. Kama utakuja, zunguka Mwanza, panda kivuko kama watu wengine.

Naomba unipe anuani ya kazini kwako.

Shangazi yako,
Serafina


Kizumbi
7 Novemba 1971

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mafuta ya nyonyo yamefanya kazi, na Bibi anasema wabeja, yaani asante, ila yananuka. Mjukuu wa Mwahija tumemwombea heri.

Nilichuchumaa, kama ulivyosema. Bwana Hatibu alinishangaa, akadhani nimeangusha kitu. Peugeot yake tumbo lipo chini ya goti, lakini Shangazi, ungeketi humo! Viti vyake ni vya kulala usingizi. Moshi hauna rangi. Nimemwambia anisubiri hadi mwisho wa Desemba.

Anuani ya kazini ya nini? Barua pale zinachanganyika na makaratasi ya mbegu, zinakaa mwezi. Tuma huku huku.

Juma lililopita ilikuwa siku ya marehemu wote. Bibi alifagia kaburi la Baba mwenyewe, akakataa nimshikie ufagio. Alipomaliza akakaa pale muda mrefu. Njiani akaniambia jambo ambalo hajapata kuniambia. Anasema wafu wake wote humjia usingizini: mama yake, dada zake, babu, hata mtoto wake aliyekufa na siku nane. Donatus peke yake, tangu azikwe, hajaja hata mara moja. "Namwita, haitiki. Kama mtu ambaye hayumo nyumbani." Nilimwambia ni uzee, akaninunia mpaka jioni.

Halafu alipoisikiliza barua yako akauliza, "Mbona Serafina hamtaji kaka yake?" Nikagundua kwamba hata mimi sijui mengi. Nilikuwa shuleni Tabora, nilifika nyumbani udongo umeshakauka. Najua alikufa kwa homa kule mgodini, mkamleta kwa pikapu, mkatumia siku tano. Siku tano kutoka Geita! Mlipita njia gani?

Mwanao,
Marcel


Kalangalala
2 Desemba 1971

Mwanangu Marcel,

Marahaba. Mimi sijambo, ila mvua zimeanza na paa linavuja juu ya kitanda, kwa hiyo nalala kwenye kiti. Si kwamba ningelala. Mvua ikinyesha huwa silali, ni tabia ya siku nyingi. Mpe Mama shikamoo. Mwambie asikae makaburini kwenye unyevu, kifua kitamrudia.

Umeniuliza habari za springi. Springi za nyuma ndizo za kutazama kwanza, maana mzigo wote unakaa nyuma. Lala chini, hesabu vyuma. Kimoja kikiwa na ufa, vingine vinamfuata mwenzao. Tazama na tairi. Tairi lililoisha meno ni kama mzee, linasifiwa tu, kazi haliwezi. Ndani ya gari weka mbao mbili, jembe, kamba nene na mnyororo. Weka vyote, hata kama anga ni jeupe. Na usibebe mzigo mzito wakati wa masika. Kama ni lazima, ngoja. Chochote kile kinaweza kungoja.

Krismasi sitaweza. Hoteli haina mtu wa kuiangalia. Hiyo pesa ya petroli mnunulie Bibi redio.

Shangazi yako,
Serafina


Kizumbi
29 Desemba 1971

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sikukuuliza habari za springi. Rudia barua yangu uone nilichokuuliza.

Nisamehe, naanza vibaya. Krismasi yetu haikuwa nzuri. Bibi alianguka tarehe ishirini, akiwa anatoka kanisani. Kifua, kama ulivyosema. Alipakwa mafuta ya wagonjwa, na nilidhani tunampoteza. Sasa anakunywa uji na amerudia kugombana, lakini hawezi kutembea hadi kwenye zizi. Peugeot sikununua, moyo haupo huko.

Ameshatoa wosia. Shamba, ng'ombe, kila kitu amegawa. Kuhusu kaburi lake amesema hivi, naandika maneno yake: "Nizikeni ubavuni kwa Donatus. Si karibu naye. Ubavuni. Mchimbe mpaka mlione jeneza lake, mniweke liniguse. Kama hataki kunijia, nitamwendea mimi." Nilimwambia desturi hiyo siijui. Akasema desturi ni ya mwenye kufa.

Nimezungumza na wachimbaji wa kanisani. Wanasema inawezekana, ila wanataka kujua jeneza lilikuwa la mti gani. Kama ni mninga litakuwa bado zima, wataligusa na jembe bila kulivunja. Kama ni mbao laini, basi wakikaribia litabomoka na watamwona aliyemo. Wewe ndiye uliyekuwepo lilipotengenezwa. Nijibu hilo tu, Shangazi. Magari tuyaache kwanza.

Marcel


Kalangalala
16 Januari 1972

Mwanangu Marcel,

Marahaba. Salamu nyingi zikufikie pamoja na Mama, na namshukuru Mungu kwa kumwinua. Mpe shikamoo zangu. Mwambie nimemwekea nia ya misa mbili hapa Geita. Mimi ni mzima. Paa limezibwa. Mwahija anawasalimu, na mjukuu wake ameota meno mawili. Mtama wa huku umekubali.

Marcel, hapa simama. Usimsomee Mama zaidi ya hapa. Mwambie salamu zimekwisha, kisha nenda nje usome peke yako.

Jeneza lilikuwa la mbao laini. Lakini wakilibomoa hawatamwona aliyemo, kwa sababu hayumo mtu.

Baba yako alikufa Jumapili, Machi 1962. Mama alituma simu ya maandishi yenye neno moja: MLETENI. Mvua ilikuwa imeshika. Bartholomeo aliazima pikapu, tukaondoka Jumatatu alfajiri, yeye na mimi mbele, Donatus nyuma ndani ya jeneza, chini ya turubai. Njia ya Mwanza kivuko kilikuwa kimesimama kwa ajili ya maji. Tukapita Kharumwa. Kabla hujafika Kharumwa kuna kijito kisicho na daraja, kimelala katikati ya mbuga. Tuliingia, magurudumu ya mbele yakatoka, ya nyuma yakazama hadi kwenye ekseli.

Tulikaa pale Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Tulichimba, tukaweka matawi, tukaweka milango ya pikapu yenyewe. Hakuna nyumba isipokuwa moja, ya mkulima aitwaye Bujiku, naye ng'ombe wake walikuwa ng'ambo ya maji na hawakuweza kuvuka. Nilikaa nyuma kwenye turubai na kaka yangu, namfukuzia nzi kwa kanga. Nilizungumza naye. Jumatano ilipofika jioni hapakukalika tena. Sitakuandikia hilo, wewe ni mwanawe.

Bartholomeo akasema tumzike pale. Tukamzika kwenye mwinuko nyuma ya nyumba ya Bujiku, katika blanketi na mkeka, maana shimo tulilochimba kwa jembe la kuazima halikutosha jeneza. Nilisali peke yangu, maneno yote ninayoyajua. Halafu nikamfikiria Mama aliyesema MLETENI. Ningemwambiaje kwamba nimemwacha mwanawe njiani kama mzigo uliodondoka? Nikaokota mawe kijitoni. Nikayafunga kwenye koti lake la kazi ili yasigongane, nikayapanga ndani ya jeneza, nikalipigilia misumari mimi mwenyewe. Baadaye pikapu ikatoka, tukaja Kizumbi.

Mama alitaka kulifungua. Nilimzuia. Nilimwambia, amekaa siku tano, Mama, mkumbuke alivyokuwa. Akakubali kwa sababu aliniamini. Akalaza shavu lake juu ya kifuniko akaimba ule wimbo aliokuwa akimbembelezea. Nilisimama pale nikamwangalia mama yangu anabembeleza mawe. Ndiyo maana sijarudi, Marcel. Nikifika kwenye njia panda ya Kizumbi miguu yangu itagoma. Na kila mvua inaponyesha naisikia pikapu ile inanguruma bila kwenda popote.

Sasa unajua. Waambie wachimbaji wasichimbe karibu. Watungie sababu yoyote. Mama aende kwa amani.

Serafina


Kizumbi
11 Februari 1972

Shangazi,

Shikamoo. Sijui nianzeje.

Barua yako ilifika tarehe mosi. Nilimletea Bibi imefungwa, kama kawaida, akawekewa mto mgongoni, nikachana bahasha nikaanza kusoma kwa sauti. Salamu. Misa mbili. Akafurahi. Paa. Meno ya mtoto, akacheka. Shangazi, mimi husoma kama ninavyotembea, mguu mmoja ukishatangulia wa pili unafuata. Nilisoma, "Marcel, hapa simama, usimsomee Mama zaidi ya hapa," nikaisoma kwa sauti ile ile, na nilipoisikia masikioni nilikuwa nimeshachelewa.

Nikasema salamu zimekwisha. Akasema, "Keti. Endelea." Nikasema ni mambo ya magari. Akasema, "Mimi ndiye niliyekufundisha kusema uongo? Endelea."

Nikamsomea yote. Mara mbili nilishindwa, akangoja. Nilipomaliza akaniomba niikunje, akaiweka chini ya mto wake. Siku mbili aliulalia mto ule. Hakula. Niliogopa sana, na nilikuchukia, Shangazi, sitakuficha. Nilifanya sala zangu zote za utoto mbele ya lile kaburi la koti na mawe.

Siku ya tatu alfajiri akaniita. Alitaka kuoga. Akavaa gauni lake la Pasaka, akasema, "Leo tukanunue gari."

Nilimpandisha kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi mjini. Ungemwona! Kwa kila muuzaji aliuliza swali moja tu: "Likikwama, wanalitoa watu wangapi?" Bwana Hatibu akasema, "Bibi yangu, hili halikwami." Bibi akageuza mkongojo akaondoka hata hakuaga. Mwenye Land Rover akasema likizama kweli ni watu kumi na trekta, labda. Tukaenda misheni. Padri akafikiri kidogo akasema, "Wanne. Mara nyingi na mimi nimo." Bibi akamwambia, "Hili ndilo." Sikuuliza moshi wala springi. Nimelinunua.

Anataka kwenda alipo mwanawe. Nilimsihi tungoje kiangazi, Juni. Akakataa. Kuna ukavu sasa, anasema, na yeye hana Juni. Anasema anataka kupita njia ile akiwa na pumzi, kwa sababu ameshaona inavyowafanya wafu. Tutaondoka Ijumaa tarehe ishirini na tano. Mbao, jembe, kamba na mnyororo vimo. Utukute kwa mzee Bujiku Jumamosi.

Ana ujumbe kwako, nimeuandika kama alivyotamka: "Mwambie Serafina sina hasira. Nina wivu. Yeye alikaa na mwanangu siku tatu akimfukuzia nzi. Mimi sikupata hata saa moja."

Marcel


Kizumbi
19 Machi 1972

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Tulifika salama. Gari lilizama mara moja tu, karibu na Kahama, na watu wanne walitosha. Nashukuru kwa kuku na kwa mchele.

Nimekaa majuma matatu nikitafakari siku ile tuliyokutana kwa mzee Bujiku. Sijapata kumwona Bibi akiwa mwepesi vile. Alipokaa chini kwenye ule mwinuko akaweka kiganja ardhini na kusema, "Kumbe uko huku," nilihisi kama mimi ndiye niliyeitwa. Na usiku wa kwanza tuliporudi, Baba alimjia. Anasema alikuwa amevaa shati jeupe na alikuwa na njaa. Sasa anamjia kila usiku. Bibi anapika chakula cha ziada.

Kuna jambo moja lakini. Unakumbuka pale Bibi alipokuuliza, "Nani alisema azikwe hapa?" Ukajibu, "Bartholomeo, Mama." Mzee Bujiku alikuwa amefungua mdomo kusema kitu, ukamkatiza ukamwuliza habari za ng'ombe wake. Labda si kitu. Lakini Bibi amelichukua jibu lile akaja nalo nyumbani. Ameweka misa kwa ajili ya Bartholomeo, ili Mungu amsamehe kwa kukosa subira. Kila jioni kwenye rozari anamtaja: "Nimemsamehe mkwe wangu aliyemwacha mwanangu porini." Watu wa ukoo wamesikia. Juzi mjomba mmoja alisema mbele za watu kwamba yule fundi wa Geita alikuwa mtu asiye na utu. Namkumbuka Mzee Bartholomeo akinipa peremende na kunifundisha kufunga nati. Ningemtetea vipi? Sikuwepo.

Wewe ulikuwepo.

Mwanao,
Marcel


Kalangalala
9 Aprili 1972

Marcel,

Barua hii uisome yote mbele ya Mama. Usiruke kitu. Salamu nimeziacha mwisho makusudi, ili usipate pa kusimama.

Bartholomeo hakusema azikwe pale. Nilisema mimi.

Jumatano ile jioni Bartholomeo alitazama mawingu akaniambia, "Mvua inaisha. Tungoje usiku huu mmoja. Kesho Bujiku atavusha ng'ombe." Bujiku naye akasema hivyo hivyo, alikuwepo, yeye ni mtu wa pale na alilijua anga lake. Nilikataa. Nilipiga kelele. Niliwaambia kwamba kama hawachimbi, nitachimba kwa mikono. Sikuweza kukaa naye usiku mwingine, Mama. Nilimpenda kaka yangu, na nilikuwa siwezi kuvumilia harufu yake. Hayo mawili yalikuwa ndani yangu kwa pamoja. Bartholomeo akachimba akilia.

Asubuhi ya Alhamisi jua lilitoka. Anga halikuwa na hata wingu. Saa tatu Bujiku akavusha ng'ombe wawili, wakaivuta pikapu ikatoka mara moja, kama iliyokuwa inatusubiri. Kizumbi tungefika Ijumaa naye.

Bartholomeo akaniambia, "Tumfukue, mke wangu. Bado udongo ni mbichi." Nilikataa na hilo. Niliogopa kumwona. Mawe nilikuwa nimeshayapanga.

Tulikaa naye miaka saba baada ya siku ile, na hakunitupia neno hata moja. Alipokuwa anakufa aliniuliza kama nimekuambia, Mama. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi ukimwambia, sema ni mimi." Hicho ndicho kisingizio alichonipa. Nami nikakitumia, mbele ya kaka yangu, na Bujiku akinitazama.

Misa ile haikuwa yake. Muondoeni mume wangu midomoni mwa watu. Marcel, njoo na gari lako unichukue, kupitia njia yoyote, nije niwaambie ukoo mimi mwenyewe nikiwa nimesimama.

Mimi ni mzima. Mwahija anawasalimu. Nimemaliza.

Shikamoo, Mama.

Serafina